Mrithi Ambaye Hakuvikwa

Simu ya yule Mganda wa chumbani kwetu ilikuwa mbovu. Spika ya sikioni ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ikabaki ile ya nje peke yake, kwa hiyo kila alipopigiwa, mambo ya kwao yalisikika chumba kizima. Tulikuwa watu sita kambini Industrial Area, Doha, vitanda vya juu na vya chini, wote walinzi wa kampuni moja. Kiganda hatukukijua, ila neno moja tulilijua sote: "Olidde?" Umekula? Ndilo baba yake alilokuwa akimuuliza kila Ijumaa, kabla ya salamu na kabla ya habari za kazi. Tulizoea kumjibia kwa pamoja, kila mtu kwenye kitanda chake, "Kala, mzee, kala!" Na yule mzee wa mbali, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alicheka mpaka akakohoa.

Mzee huyo alifariki kipindi cha baridi, ile baridi ya Doha ambayo mtu wa Tanga kama mimi huvaa sweta na kulala nalo. Mganda hakwenda kuzika. Mwandishi wa karatasi za wafanyakazi, tunayemwita mandubi, alimwambia kwa upole kwamba likizo ni mpaka mkataba wa miaka miwili utimie, na yeye hakuwa amemaliza hata mmoja. Bila ruhusa ya kutoka, uwanja wa ndege hawakupitishi hata ukilia. Alikaa kitandani siku mbili, akarudi kazini. Kila Ijumaa simu iliendelea kulia, ni dada yake au wazee wa ukoo, lakini "Olidde" hatukulisikia tena, na Ijumaa zile zikawa kimya kuliko tulivyozoea.

Wakati huohuo mimi nilihamishwa kutoka geti la shule moja ya Kiingereza, nikawekwa mlango wa ukumbi wao. Kazi nyepesi, kivuli na kiyoyozi, nami sikuuliza kwa nini nimependelewa, maana anayeulizia zawadi huishia kunyang'anywa. Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana watoto walifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa historia, mama wa Kiingereza mwenye mvi na raba za kukimbilia, sauti yake ikifika mpaka barabarani. Mchezo ulihusu mambo ya kale ya kwao, miaka elfu moja kasoro kidogo iliyopita, kabla hata hawajawa watu wa kutawala wengine. Walifanya kipande kimoja kila wiki, mimi nikisimama mlangoni nimefunga mikono nyuma, macho mbele, masikio yote jukwaani.

Jumanne ya kwanza nilirudi chumbani na kipande cha kwanza. Niliwapa wakati Mkenya anasonga ugali, kwa kuwa ugali ukisongwa watu hawana pa kwenda.

Palikuwa na mfalme mzee, nikawaambia, mcha Mungu, aliyekufa bila mtoto. Katika ukoo wake wa kiumeni alibaki kijana mmoja tu. Huyu alikuwa mjukuu wa kaka yake mfalme, baba mmoja mama mbalimbali. Baba wa kijana alichukuliwa angali mchanga, maadui wakampeleka nchi ya mbali kabisa, akakulia huko, akaoa huko. Mfalme alipoona hana mtoto alimwita arudi. Akarudi na familia yake, akafa siku chache tu baada ya kushuka, hata uso wa mfalme hakuuona. Kijana akalelewa jumba la mfalme, akapewa cheo ambacho maana yake ni mtu anayestahili kiti. Sasa mfalme amekufa. Baraza la wakubwa limekaa. Likasema kijana bado mdogo, na maadui wako baharini. Taji wakampa kaka wa mke wa mfalme.

"Nani?" aliuliza Mpemba, akaweka chini kikombe chake.

"Shemeji," nikasema.

"Yakhe, shemeji! Tangu lini shemeji akarithi?"

Huyu Mpemba alisomea mirathi kwa sheikh kabla shida hazijamleta kulinda duka kubwa la Waarabu, na kesi yoyote ya urithi ilimtoa usingizini. Aliketi kitako, akaomba niirudie nasaba pole pole, akahesabu kwenye vifundo vya vidole. Kisha akatoa hukumu. "Mke robo, kwa kuwa maiti hana mwana. Kilobaki chote ni cha kijana, maana yeye ndiye aliyebaki wa upande wa baba. Shemeji haonekani mlango huu wala ule. Arudi kwao na kofia yake mkononi."

"Buda, hawa si Waislamu," Mkenya alimwambia bila kuacha mwiko. "Na hiyo kiti ni ya mwenye ako na jeshi. Huyo boy wamemwacha kwa mataa, basi, story imeisha."

"Haijaisha," nilisema mimi, na nilikuwa nimeshakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nazikuta mlangoni kama kandambili. Kitu cha mtu apewe mtu! Nilimtetea yule kijana usiku ule kana kwamba ni mpwa wangu wa Pangani.

Mganda alikuwa amelala chali kitanda cha juu, akitazama dari. Nilidhani hasikilizi. Alisubiri tunyamaze, akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala:

"Mimi nauliza kitu moja tu. Huyo kijana, walimuvalisha?"

"Kumvalisha nini?"

"Kitu chochote. Walimuvalisha, watu wakaona?"

Nikasema hapana, aliyevalishwa taji ni shemeji. Mganda akasema, "Haya," akageukia ukutani.

Ndipo tukajua kwamba tulikuwa na mrithi mwingine chumbani. Alitueleza kwa vipande, baada ya Mkenya kumbana kwa maswali. Kwao, mtu akishazikwa, mauti yenyewe hubaki ndani ya nyumba. Hayatoki mpaka ifanyike sherehe ya kuyatoa, na siku hiyo ndiyo mrithi hutawazwa. Humfunga nguo ya gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini, fundo begani, humpa mkuki, na dada yake husimama kando yake. Kuanzia hapo yeye ndiye baba. Si kwamba anamwakilisha baba, la, ndiye. Ndugu zake wote, hata waliomzidi umri, humwita taata, yaani baba, na kumsalimu kama walivyomsalimu marehemu. Na kabla ya siku hiyo hakuna harusi katika nyumba ile.

Marehemu, alipokuwa mgonjwa, aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mrithi wake ni huyu, kitinda mimba wake, aliyeko Arabuni. Lakini kulikuwa na kaka yake, aliyemzidi kama miaka kumi, aliyebaki nyumbani. Kaka ndiye aliyempeleka mzee hospitali, ndiye aliyechimba kaburi. Na kaka alikuwa akisema wazi, mbele ya wazee na mbele ya ile spika ya nje, kwamba baba alimtaja mtu asiyekuwepo, na kwamba yeye hawezi kumwita mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu "taata" kwa njia ya simu.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Mkenya alisema.

"Neno la maiti ni wasia," Mpemba akamjibu, kisha akakohoa, maana alikumbuka kwamba kwa sheria yake mwenyewe watoto wa kiume wote wako sawa. "Lakini hayo ni ya kwao," akamaliza.

Mimi sikuwa na shaka. Nilimwambia Mganda ashike msimamo. Ametajwa, ametajwa. Akanitazama kwa namna ya mtu anayepewa dawa hali haumwi.

Wiki zikaenda hivyo. Jumanne nilileta kipande, na chumba kikakijadili mpaka Jumanne nyingine. Katika basi la kampuni la alfajiri, walinzi wa vyumba vingine walianza kuniuliza, "Vipi yule kijana?" Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, mji mzima ukiwa umechimbwa kwa ajili ya reli na viwanja vya mpira, na sisi tumebanana kwenye basi tunajadili kiti cha Wazungu waliokufa zamani. Shemeji alipata mwaka usiotimia. Mtu wa ng'ambo, jamaa wa marehemu mfalme kwa upande wa mama, alivuka bahari na jeshi, wakapambana, shemeji akauawa. Mpemba alipokea habari hizo bila huruma yoyote.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa baraza limekaa tena mjini, limemtangaza kijana kuwa mfalme!"

Chumba kilishangilia. Hata Mkenya, aliyejifanya hajali, alipiga sufuria kwa mwiko. Kule juu kitandani Mganda aliinuka akakaa.

"Walimuvalisha?"

Hapo nilikwama. Nilichokiona jukwaani ni kwamba taji lilibebwa kwenye mto wa kitambaa chekundu, mtoto mmoja akitembea nalo pembeni ya kijana, kila aendako linamfuata. Waliketi wakashauriana nalo lipo mezani. Wakubwa wakaahidi kupigana. Lakini kichwani halikufika.

"Lilikuwa pembeni yake," nikasema.

"Karibu?"

"Karibu sana."

"Lakini hawakumuvalisha."

"Watamvika! Ngoja Jumanne."

Mganda alitikisa kichwa. "Banange," alisema, kama mtu anayesema jamani, taratibu, si kwangu, ni kwa yule kijana.

Katikati ya wiki ile wazee wa ukoo walimpigia. Mazungumzo yalikuwa marefu, na alipomaliza alitutafsiria, kwa kuwa sote tulikuwa tumeacha tulichokuwa tukifanya. Wazee walikuwa wamekaa na kaka yake na kuyamaliza maneno. Marehemu alikutaja wewe, walimwambia, na hilo hatulifuti. Ukisema tukusubiri, tutakusubiri mpaka mkataba wako uishe, na kaka yako amekubali kunyamaza. Ukisema tusikusubiri, tutamvika yeye. Neno ni lako. Kisha dada yake akachukua simu. Alikuwa na mchumba, na mahari yalikuwa yameshapokelewa tangu baba yupo hai. Hakusema neno juu ya kusubiri. Alimuuliza tu kama kule Arabuni bado kuna baridi.

"Umeshinda!" nilimwambia. "Wamekuachia neno. Sema wakusubiri."

"Zaidi ya mwaka," alisema. "Mauti yakae kwa nyumba ya mama zaidi ya mwaka?"

"Haki haiozi."

Alipanda kitandani kwake. Siku hizo alikuwa analinda jengo moja la ghorofa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye meza ya chini, na aliyekuwa akipokezana naye zamu aliniambia kwamba anakaa saa nzima bila kugusa simu, anatazama lifti zikipanda na kushuka.

Jumanne ya mwisho ya mazoezi nilisimama mlangoni nikichungulia jukwaa kama mtoto, mtu mzima mwenye sare na kitambulisho kifuani. Yule wa ng'ambo hakuingia mjini moja kwa moja. Alizunguka, akichoma vijiji njiani, na ngoma zikapigwa nyuma ya pazia. Wale wakubwa walioahidi kupigana walianza kutoka mmoja mmoja jukwaani, kimya kimya, kama watu wanaoondoka kwenye mnuso bila kuaga. Akabaki kijana na wachache na yule mwenye mto. Halafu kijana mwenyewe akashuka, akatoka nje ya mji, akamfuata mshindi, akapiga magoti. Ngoma zikanyamaza. Taji likachukuliwa kutoka kwenye mto, likaenda kichwa kingine.

Nilichukia. Mazoezi yalipoisha nilivunja desturi ya kazi, nikamfuata mwalimu aliyekuwa anakunja viti, nikamuuliza kwa nini hawakumvika walipokuwa na nafasi. Alinitazama, akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema hata wataalamu wanabishana, lakini yeye anadhani walikuwa wakingoja siku nzuri zaidi. Nikamwambia hukumu ya Mpemba, robo kwa mjane na robo tatu kwa kijana. Ilimfurahisha sana, aliniomba niirudie. Kisha nikauliza kijana aliuawa lini.

"Hakuuawa," alisema. "Shemeji alikufa vitani. Yule mshindi alikufa kwa kuumia akiwa juu ya farasi. Kijana alisumbuka sana, ni kweli, alijaribu tena, akashindwa tena, akatangatanga nchi za watu. Lakini aliwazika wote. Alizeeka mashambani, mahali tulivu."

Haikunituliza hata kidogo. Kuzeeka mashambani ni jambo la mtu yeyote, si la mtu aliyestahili kiti.

Chumbani nililisimulia lile la magoti kwa uchungu wote. Mpemba alisema, "Inna lillahi." Mkenya alisema, "Si niliwashow?" Mganda alishuka kutoka kitanda cha juu, akakaa chini kabisa, sakafuni, akaegemea kabati.

"Alipopiga magoti, ngoma ilinyamaza?"

"Ilinyamaza."

"Watu walirudi nyumba zao?"

"Katika mchezo, ndiyo. Lakini yeye alikosa!"

"Alikosa nini? Hawakumuvalisha. Alikuwa anatembea tu na kitu iko pembeni."

Nikaondoka kwenda kuoga, kwa sababu ningesema neno baya.

Ijumaa iliyofuata, tukianika nguo juu ya paa, aliniambia amewapigia wazee. Amewaambia wasimsubiri. Wamvike kaka yake, watoe mauti nyumbani, dada aolewe. Aliyasema hayo huku anakung'uta shati. Mimi nilikuwa na shuka mkononi, nikalitupa chini kwenye vumbi lile.

"Umejivua mwenyewe!" nilimwambia. "Baba yako amekuvisha, wewe umejivua."

"Hapana, kaka," alisema. "Mimi sijavalishwa." Akainama, akaokota shuka langu, akalikung'uta, akalianika.

Sikumsemesha vizuri kwa muda. Nilimwona mwoga, na nilikuwa na aibu kidogo kwamba ninamwona hivyo, basi nikawa mkali zaidi. Mpemba alinionya kwamba mirathi ni haki ya mtu, na mwenye haki anaweza kuiachia kwa ridhaa yake, hilo limo kitabuni. Nikamwambia akae na kitabu chake.

Sherehe yao ilifanyika siku ya Jumamosi. Mganda alikuwa kazini mchana kutwa. Alirudi na basi la magharibi, akaoga, akavaa kanzu. Hatukujua kwamba anayo, nyeupe, ya Kiganda yenye urembo shingoni. Mkenya alikuwa ameivisha mchuzi wa samaki, ugali bado kidogo. Tulimwona anakaa na simu mkononi bila kuipiga, tukaelewa. Mrithi akishavikwa, kila ndugu lazima amsalimu kwa jina lake jipya, na asiyemsalimu amemkataa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajamsalimu.

Nilitaka kutoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Sikutaka kusikia mtu aliyetajwa akimwita mwenziwe kwa cheo kilichokuwa chake.

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa tulisikia ngoma, watu, mbuzi, kelele za nyumba iliyojaa, kisha mlango ukafungwa na pakawa kimya. Mganda akapiga magoti. Pale pale, kati ya kitanda changu na cha Mpemba, kwenye simenti, na ile kanzu nyeupe, simu ameishika kwa mikono miwili mbele yake.

Akasalimu kwa Kiganda, maneno marefu ya adabu. Mwishoni akalisema.

"Taata."

Upande wa pili hakuna aliyejibu. Nilisikia mtu anapumua. Nikawaza, sasa atamcheka, sasa atajitapa, na nikakunja ngumi kwa ajili ya kaka wa mtu aliyeko nchi nyingine. Kisha ikatoka sauti, ya kijana zaidi kuliko nilivyomfikiria.

"Mwana wange," ilisema. Halafu, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake:

"Olidde?"

Mganda alifungua kinywa, na hakikutoka kitu. Mabega yake yalianza kutikisika. Ile simu ikabaki inangoja jibu mikononi mwake, na kule mbali kaka yake akaliuliza tena, polepole zaidi, kwa woga.

Hakuwa amekula. Ugali ulikuwa bado jikoni. Lakini nilitoka pale mlangoni, nikainama karibu na ile spika, nami ndiye niliyeanza, wengine wakafuata:

"Kala, mzee, kala!"